UZI: Stika ya bima kiooni ilimtosha trafiki, haikumtosha ng'ombe wa Dunga

Kibatari (mwenye uzi), Jumamosi usiku

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na wa bara mlio nasi humu.

Uzi huu nilitaka kuuandika tangu mwezi uliopita nikawa naona haya. Haya yenyewe imekwisha jana, alipokuja shemegi yangu na pesa zake tayari, anataka gari, na suala lake la kwanza ni lile lile nililouliza mimi: "Bima ya rahisi kabisa shilingi ngapi?" Nikaona bora niandike mara moja, na kila atakayeniuliza nimwambie kasome.

Gari yangu ni Toyota IST ya 2005. Niliinunua kwa mtu wa Kiembesamaki kwa milioni 14, baada ya kuvutana tangu kumi na tano na nusu. Nikajiona mjanja. Nilitazama rangi, nikafungua milango nikaifunga kusikiliza mlio wake, nikawasha AC, nikasogeza kiti mbele na nyuma. Ukaguzi wangu ukaishia hapo. Uvunguni sikuchungulia.

Siku ya kukata bima, kijana wa wakala akaniuliza nataka ndogo au kubwa. Kwa asiyejua: bima ndogo inamlipa mwenzio uliyemgonga na mali yake, wewe na gari yako hamumo. Bima kubwa inamlipa yeye, na yako pia inatengenezwa, na humo mna wizi na moto. Nikasema kubwa. Akauliza thamani ya gari. Nikamuuliza, kwani hesabu yake ikoje? Akasema asilimia tatu na nusu ya thamani utakayoitaja.

Utakayoitaja! Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikataja milioni 8. Kijana hakuinua hata kichwa, akaandika. Kwa milioni 14 ningelipa 490,000 kabla ya kodi. Kwa milioni 8 nikalipa 280,000. Nikatoka pale nimebakiza laki mbili na elfu kumi, nikapita Darajani nikanunua nguru mzima.

Mwezi wa nne, masika yamepamba moto, natoka Chwaka baada ya magharibi. Karibu na Dunga ng'ombe katoka kwenye mihogo kama aliyeitwa na mtu. Nikakanyaga breki, gari ikateleza, nikamkuta ubavuni. Ng'ombe kaanguka, akakaa kidogo, akanyanyuka, akavuka barabara akaendelea na safari yake. Mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Mimi nikabaki na bampa liko chini, boneti limekunjika, taa ya kushoto haipo, rejeta inamwaga maji ya moto kwenye lami.

Nilifanya ya kufanywa. Gari sikuiondoa, nikawapigia polisi, kijana mmoja wa vespa akasimama akanimulikia nikapiga picha. Asubuhi yake nikaripoti kwenye bima. Mkadiriaji akaja gereji, akainama, akaandika: hasara milioni tatu na nusu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu tumesalimika.

Barua ilipokuja niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mkataba una kifungu wanakiita cha wastani. Maana yake, gari yako ina thamani ya 14, umeikatia bima ya 8, basi zile sita zilizobaki bima yake ni wewe mwenyewe. Ikitokea hasara mnagawana kwa kiasi hicho hicho, hata ikiwa ndogo kuliko hizo nane. Milioni 3.5 mara 8 gawa kwa 14, inakuja milioni 2. Toa eksesi, yaani kile unachobeba mwenyewe kwenye kila madai, ambayo kwenye mkataba wangu ni asilimia 10 ya madai au 250,000, iliyo kubwa ndiyo inayokatwa. Mkononi 1,750,000.

Ningesema kweli siku ile ningelipwa 3,150,000. Yule nguru, ndugu zangu, amenigharimu milioni moja na laki nne.

Sina ugomvi na shirika, mkataba nilitia saini mwenyewe bila ya kuusoma. Kijana wa wakala ndiye nina neno naye kidogo. Lakini na yeye, angenikatalia ningehamia kwa wa mlango wa pili.

Karibuni. Penye makosa nisahihisheni.

---

Ngalawa, Jumamosi usiku

Pole sana. Lakini umejibu mwenyewe: bima ni wizi. Mimi nna Carina mwaka wa tisa huu, bima ndogo tu, namwonesha trafiki stika napita. Hizo laki nne na tisini za kila mwaka nazitia kwenye kopo. Miaka tisa kopo limejaa.

---

Kibatari

@Ngalawa hilo kopo lina ngapi sasa hivi? Sema kweli, usiku huu hakuna anayekutazama.

---

Ngalawa

Lilikuwa na milioni 2 na kitu. Tukaoza binti.

---

Wakala_Mstaafu, Jumapili asubuhi

Nimefanya kazi ya bima hapa mjini muda mrefu kabla sijapumzika, naomba niingie.

Ngalawa asichekwe. Carina yake leo nani atampa zaidi ya milioni nne? Gari ya namna hiyo, ukipiga asilimia yake, ukitia eksesi, na mkadiriaji akikukata uchakavu wa vipuri vilivyozeeka, bima kubwa haikurudishii kitu cha maana. Bima ndogo kwake ni uamuzi wa mtu mwenye akili, ili mradi awe na kopo la kweli.

Kibatari naye hakuonewa. Ila wengi wanaosoma kisa chake watakimbilia upande wa pili, waseme basi mimi nitataja milioni 20 nijihakikishie. Haikusaidii. Gari ikiangamia yote utalipwa bei yake ya sokoni siku ile au kile ulichokikatia, kilicho kidogo. Utakuwa umelipia milioni sita za hewa. Taja bei ya soko, basi, na kila mwaka unaporudi kukata upya iteremshe, kwa sababu gari nayo inashuka. Watu wanarudia namba ya mwaka wa kwanza mpaka gari inakwenda kuchinjwa. Na ukimaliza mwaka bila ya madai uliza punguzo lako, usingoje kupewa.

La pili, na hili limeangusha wengi kuliko thamani: jina. Umenunua gari, bima ya mwenyewe wa zamani imebaki miezi saba, unasema alhamdulillahi nimeokoa. Kadi iko kwa jina lake, bima iko kwa jina lake. Ukipata ajali anayedai ni nani? Yeye hana tena gari, wewe huna mkataba. Nenda ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ukahamishe umiliki kwanza, kisha bima ikatwe kwa jina lako. Wiki hiyo unayohangaika na karatasi gari ilale.

Na mtu akiona kaonewa kweli kwenye madai, aanze kwa kuliandikia shirika lenyewe, abaki na nakala. Wakishindwana, TIRA ndiyo msimamizi wa bima na ofisi wanayo hapa Zanzibar, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Watu wanakwenda redioni kabla ya kwenda huko.

---

Mtembeza_Wageni

Mzee @Wakala_Mstaafu shikamoo. Nna Noah, bima kubwa, thamani nimesema kweli kabisa. Nayo naitumia kwa familia, ila msimu ukichanganya napeleka wageni Paje na Nungwi, na kuwachukua uwanja wa ndege. Hapo vipi?

---

Wakala_Mstaafu

Marahaba. Kwenye karatasi yako pameandikwaje, matumizi binafsi au ya kukodi?

---

Mtembeza_Wageni

Binafsi.

---

Wakala_Mstaafu

Basi siku una mgeni aliyekulipa, huna bima kubwa. Na huyo mgeni akiumia, shirika litauliza alikuwemo garini kwa lipi. Atasema nimelipa dola kadhaa, na risiti yako atakuwa nayo kwenye simu. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, gari imepinduka upande wa Kitogani na mwenyewe analia kwamba bima anayo. Anayo ndiyo, ya kupeleka watoto skuli.

Nenda ukabadilishe matumizi. Bei itapanda, maana gari ya biashara iko njiani kutwa, na hesabu ya shirika iko hapo.

---

Mtembeza_Wageni

Nimekusikia. Jumatatu inshaallah. Nusu ya vijana wa kituoni kwetu wako kama mimi, nakwambia.

---

Mama_Fuoni, Jumapili mchana

Mie nina suala la kabla ya bima. Sijanunua bado. Naagiza Japani au nanunua hapa hapa? Kaka yangu ananionesha gari kwenye simu, bei naiona ndogo mpaka naogopa.

---

Kibatari

Dada yangu, bei ile ni ya gari iliyosimama Japani. Juu yake tia nauli ya meli na bima ya safari. Ikifika bandarini Malindi, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki peke yake ni asilimia 25, na TRA hawahesabu kwa risiti uliyokuja nayo, wana thamani zao kwenye mfumo. Ukipata gari kwa bahati ukainunua nusu bei, ushuru hauijui bahati yako. Ukubwa wa injini na umri wa gari nao una ushuru wake, kisha kodi ya ongezeko la thamani, kisha gharama za bandari na usajili. Kabla kaka yako hajatuma hata senti, mwambie apeleke aina, mwaka na injini kwa wakala wa forodha ampigie hesabu nzima.

Faida ya kuagiza iko kwenye karatasi. Gari iliyopita mnadani kule ina karatasi ya mnada, wanaandika daraja. Nne au nne na nusu ni gari nzuri, R maana yake imeshagongwa ikatengenezwa, na kuna mchoro wa gari wenye alama kila penye mchubuko. Kilomita pia zimeandikwa. Hapa kwetu karatasi yako ni mdomo wa dalali.

---

Fundi_Pangaboi, Jumapili jioni

Mimi fundi. Sijui kuandika maneno mengi lakini hapa lazima niseme.

Dada Fuoni, ukinunua hapa, kabla ya injini tazama kutu. Injini ya IST au ya Vitz utaipata nyingine, inashushwa leo kesho inapandishwa. Bodi ikishaliwa na chumvi huna gari. Kuna gari hapa zinaonekana mpya, ukiuliza historia yake ilikuwa ya mtu wa pwani anateremsha mchangani kuvuta boti. Maji ya bahari yanaingia kwenye chesi hayaoshwi. Juu inang'ara, chini ukigonga na bisibisi inaingia.

Fanya hivi. Njoo asubuhi, siyo magharibi, siyo baada ya mvua, maana maji yanaficha rangi. Chukua sumaku ndogo ile ya friji, izungushie kitambaa usichubue rangi ya watu. Pitisha kwenye milango chini, kwenye matao ya tairi, kwenye kizingiti unapoweka mguu. Penye chuma itashika. Penye puti, ile ya kujazia bodi iliyobonyea au kuliwa, itaanguka. Ikianguka pahala kimoja kidogo mtu kagusa ukuta. Ikianguka ubavu mzima mwambie mwenye gari asalaam alaykum.

Kisha zulia la buti linyanyue, tairi la akiba litoe. Hapo chini hakuna anayepaka rangi. Kama pana mikunjo, gari imepigwa nyuma. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma ndani ya boneti ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. IST ya injini 1.3 inaanza NCP60, ya 1.5 ni NCP61. Nimeletewa gari kadi inasema 61, chuma kinasema 60. Mwenyewe alikuwa kaishi nayo miaka miwili hajui.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na ikawa mzee.

Asubuhi hiyo hiyo waambie wasiiwashe gari kabla hujafika. Iguse boneti iwe ya baridi. Gari ikiwashwa baridi husema kweli, moshi wake utauona na mlio wake utausikia.

---

Mama_Fuoni

Mashaallah, na hujui kuandika maneno mengi?

---

Kachumbari

Jamani na sisi tunaoogopa mambo ya riba na bahati nasibu kwenye bima, tunakwenda wapi? Bima ndogo nalipa kwa kuwa ni sheria, kubwa moyo unasita.

---

Wakala_Mstaafu

Kuna takaful sasa, bima ya Kiislamu, na hapa Zanzibar inapatikana. Mchango wako unaingia kwenye mfuko wa kusaidiana, anayeendesha mfuko analipwa ujira wake, na ikibaki ziada wana utaratibu wa kuigawa. Ya fiqhi waulize wenye elimu. Mimi nakwambia ya kikazi tu: na huko thamani utaulizwa, na matumizi utaulizwa, na eksesi ipo. Usiende ukidhani ni sadaka.

---

Mpemba_wa_Konde, Jumapili usiku

Yakhe nyie wa Unguja mna raha, mnalalamika bima. Njooni huku mtafute spea. Shokapu za mbele za IST yangu zimekufa zote mbili, barabara ya kwetu mnaijua. Chake nimekwenda duka moja nikapewa za Vitz, naambiwa "zinaingia". Zikaingia kweli! Gari ikakaa kama inataka kusujudu. Nimerudisha, wamekataa pesa, wamenipa plagi nne na kopo la oili.

Sasa nataka kuagiza kutoka Unguja au Dar. Nitajuaje ya sawa bila ya kuiona?

---

Fundi_Pangaboi

Ami, acha neno "zinaingia". Hata mguu wa mtoto unaingia kwenye kiatu cha baba yake.

Spea ya Toyota ina namba. Tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, tano zinazofuata zinasema ya gari ipi. Hizi za mwanzo ukizishika unakuwa nusu fundi. Brekipedi za mbele ni 04465. Stabilaiza linki ya mbele 48820. Bolijointi ya chini 43330. Tairodi endi 45046. Shokapu ya mbele kulia ni 48510, kushoto 48520. Hizo tano za pili unapewa na mwenye katalogi kwa namba yako ya chesi. Mtumie namba nzima ya chesi, siyo "IST ya 2005", maana IST za mwaka mmoja zinatofautiana, hata ile ya kuvuta miguu yote minne chini yake si sawa na hii ya kawaida.

Ukipata namba iandike kwenye karatasi, duka lolote unaloingia unaanza na namba. Muuzaji akikuona na namba anaacha kukwambia hadithi.

---

Mpemba_wa_Konde

Na hizi orijino na feki? Dukani kila kitu orijino.

---

Fundi_Pangaboi

Ziko za namna nne, usichanganye. Ya boksi la Toyota. Ya kampuni inayotengeneza vitu vizuri kwa jina lake yenyewe, hii si feki, mara nyingi naitia kwenye gari yangu. Ya mtumba iliyotoka kwenye gari Japani. Na feki, iliyovaa boksi la mwenziwe.

Mtumba siudharau. Mlango, taa, kioo cha ubavuni, bampa, alternata, nachukua mtumba uliotoka Japani kabla ya mpya ya bei rahisi. Lakini brekipedi, mipira ya breki, bolijointi, taimingi belti, hivyo mtumba hapana, hata ukipewa bure. Taimingi belti IST haina, ina cheni. Ila wenye Noah za zamani zile za injini 3S, belti yake kilomita laki moja inabadilishwa. Gari ya mkononi hujui mara ya mwisho lini, basi ibadilishe siku ya kwanza.

Feki nitakwambia ninavyoijua mimi. Filta ya oili ya IST, 90915-YZZE1, hiyo ndiyo inayoigwa sana. Jina kwenye boksi wanaiga vizuri. Wasichoiga ni mpira. Ukunje mpira pembeni kwa kucha, wa feki ni mkavu unasikia unakatika, na ndani ile karatasi ukiimulika imekaa upogo, mikunjo mingine mikubwa mingine midogo. Brekipedi feki inalia na inakula diski. Bei yake ndogo, halafu diski mbili unanunua.

Na jambo moja ambalo si la dukani. Rejeta msitie maji ya kisima. Unguja tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yetu yana chokaa. Birika la chai nyumbani mnaliona ndani lilivyo jeupe? Ndivyo rejeta inavyokuwa. Tia kulanti, dawa yake ya dukani. Na wenye Ractis, gia boksi zenu nyingi ni CVT, otomatiki isiyo na ngazi za gia, ina oili yake. Nimeletewa mbili mwaka huu zimetiwa oili ya gia ya kawaida na mtu wa sheli, zote mbili gia zimekufa.

---

Kibatari

Fundi umenikumbusha nusu ya kisa sikuimalizia. Ile milioni tatu na nusu ya mkadiriaji ilikuwa na taa ya kushoto mpya. Gereji wakanitilia ya mtumba. Nimejua baada ya mwezi, taa moja ina ukungu ndani nyingine ni safi, usiku barabara inaonekana upande mmoja. Nilikuwa sijaomba vile vya zamani nirudishiwe wala sikuomba maboksi. Tangu siku hiyo nikitia spea nachukua boksi tupu naondoka nalo. Mke wangu ananiuliza nafungua duka?

---

Vespa_Nyekundu, Jumatatu asubuhi

Mimi mko nami upande wa pili wa barabara. Mwaka jana niligongwa Mwanakwerekwe na gari ndogo, mguu ukavunjika. Stika ipo kiooni, nimeipiga picha mwenyewe nikiwa nimekaa chini. Nikasema bima ndogo yake itanilipa, si ndiyo kazi yake. Kwenda kwa shirika, namba ya stika haipo kwao. Karatasi ilichapwa mahali.

Mwenye gari naye alikuwa hajui, kaikata kwa mtu aliyemfuata kazini kwake na bei ya kumpunguzia. Tumekaa wazee wakatusuluhisha, ananilipa kidogo kidogo mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi tunaoneana haya.

---

Wakala_Mstaafu

Pole kijana wangu. Ndugu zangu, ukilipia bima, hapo hapo kabla hujaondoka fungua TIRA MIS, mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, kwenye simu, tia namba ya gari au ya stika. Bima halali inaonekana: gari, shirika, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Isipoonekana, rudisha mkono mfukoni. Na unaponunua gari iangalie pia, utajua kama mwenyewe alikuwa anatembea na bima au na karatasi.

---

Mama_Fuoni, Alkhamisi

Nimerudi. Nimekwenda kutazama Spacio huko Mbweni, na sumaku yangu nimeifunga kwenye leso. Kijana anayeuza ananitazama kama nafanya uganga. Mlango wa dereva ikashika, wa nyuma ikashika, upande wa pili ikaanguka, ikaanguka, ikaanguka. Nikamwambia salaam alaykum.

Ya pili iko Mtoni, ya mwalimu, namba zimelingana na kadi, uvunguni pakavu. Anataka 12. Nimemwambia kumi na moja, kasema atamuuliza mkewe. Bima nimeshauliza mapema, nikipata kwa kumi na moja nitaandika kumi na moja.

---

Kibatari

Usipite Darajani ukitoka.

---

Mpemba_wa_Konde, wiki iliyofuata

Wakuu, shokapu zimefika. Nimezipokea Mkoani jana na meli, boksi mbili zimefungwa vizuri, tarakimu tano za pili sawa sawa na alizonipa mwenye katalogi. Fundi wa hapa kaja asubuhi, gari kainyanyua, tairi zote mbili katoa.

@Fundi_Pangaboi nisomee tena. 48510 ulisema ni ipi?

---

Fundi_Pangaboi

Kulia.

---

Mpemba_wa_Konde

Zote mbili 48510.